Kichwa Kipya cha Treni na Zamu ya Binti



Likizo inakaribia, na jamaa nyingi za Pwani zina watoto wao bara. Wengine wako Embu na Meru, walikopelekwa wazee wao na kazi au biashara. Safari yao ya kuteremka Mombasa ni basi hadi Nairobi, kisha treni ya Madaraka, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Huko wanakokaa hakuna reli. Njia ya zamani kutoka Nairobi ilipita Thika, Sagana na Karatina hadi Nanyuki, upande wa magharibi wa Mlima Kenya. Embu na Meru zikaachwa upande wa pili. Si ajabu mtoto wa huko akitamani reli yake mwenyewe bustanini.

Jamaa zetu wa Embu walipoletewa kichwa cha treni cha dizeli, kipya, cha mfano, tulikuwepo. Tuliyoyaona yanafaa kila nyumba.

Reli za bustani, kwa desturi, zina upana wa milimita 45. Reli ya zamani ya Kenya ina milimita 1,000, kwa hiyo treni ya mfano wake hupunguzwa mara 22 na nusu; ya Madaraka ina milimita 1,435, nayo hupunguzwa karibu mara 32. Mnunuzi asipouliza hayo, huenda akarudi na kichwa kidogo na mabehewa makubwa.

Ardhi ya Embu ni ya kupanda na kushuka, na gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza mlima ukizidi. Basi kila mita 1 ya reli isipande zaidi ya sentimita 2 au 3. Kona ziwe pana, maana kichwa kirefu chenye ekseli 6 hutoka relini penye kona ya kubana. Na kwa kuwa udongo mwekundu wa huko hulainika wakati wa mvua, chini ya reli hutiwa changarawe ikashindiliwa.

Kazi yote ya kupima aliifanya binti wa miaka 11, kwa uzi na pimamaji ya fundi. Reli ilipokwisha kutandikwa, kaka zake wakashika swichi ya mwendo, wakataka mwendo wa mwisho na mabehewa 5 nyuma. Binti alipoomba zamu, akaambiwa atapiga picha. Mama yao akasema neno moja tu: “Aliyetandika njia ndiye atakayepita kwanza.”

Naye akaendesha inavyopasa. Kichwa kipya hakianzi na mzigo: huenda peke yake, taratibu, kama nusu saa mbele na nusu saa nyuma, hata gia na grisi zizoeane; ndipo likafungwa behewa la kwanza, kisha la pili. Kabla ya hapo reli zilifutwa kwa kitambaa kikavu, kwani umeme hupita relini na vumbi huukata. Kisanduku cha kupunguza umeme wa nyumba kilibaki ndani, mbali na mvua na mikono ya wadogo. Hadi alasiri kichwa hakikutoka relini, na kaka mtu ndiye aliyeomba afundishwe.

Katika nyumba zetu nyingi, chenye injini hupewa mvulana, na msichana hupewa kutazama. Hasara yake haionekani siku ile. Huonekana miaka baadaye, binti anapochagua masomo akiwa ameshaamini kwamba mashine na hesabu zake si vyake. Ilhali treni ya Madaraka ilipoanza, miongoni mwa madereva wake walikuwamo wanawake wa Kenya waliopelekwa China kujifunza kazi hiyo. Hao nao walikuwa mabinti wa watu, na kuna mtu aliyewaachia nafasi.

Basi likizo hii, iwe ni treni ya umeme au gari la waya walilolisuka watoto wenyewe, zamu ziandikwe karatasini kwa majina kabla boksi halijafunguliwa, wasichana kwa wavulana sawasawa. Na mzazi akae hapo bustanini zamu zikipita, asiwaachie watoto ile karatasi peke yao.

Wassalaam.