Eti Wakongo Wanapenda Vita?

Jamani, hivi nani katuambia Wakongo wanapenda vita? Nauliza kwa sababu kauli hii naisikia kila siku, tena kutoka kwa wasomi wenzangu. Sisi wa Tinde hatuna kisingizio cha kusema Kongo ni mbali. Hapa njia panda malori yanakata kushoto kuelekea Kahama na Rusumo, na mzigo mwingine unaishia huko huko mashariki mwa Kongo.

Wachambuzi wa vijiweni nao wana lao: laana ya madini. Ebo! Geita kuna dhahabu, Kahama kuna dhahabu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kwa nguvu na wapo wasiosahau mpaka leo, lakini hakuna aliyeingia porini kuunda jeshi.

Hebu tazameni jina la M23. Ni tarehe. Machi 23, 2009 serikali ya Kinshasa ilitia saini mkataba wa amani na waasi wa CNDP. Mwaka 2012 wapiganaji walioingizwa jeshini kwa mkataba ule wakaasi tena, wakidai haukutekelezwa. Yaani kundi la waasi limebeba jina la mkataba wa amani! (Siwatetei. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza mara kadhaa msaada wanaoupata kutoka Rwanda, ingawa Kigali inakana.)

Mwaka 2013 vijana wetu wa JWTZ, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, walilisaidia jeshi la Kongo kuwashinda. Tukashangilia. Desemba 12 mwaka huo karatasi zikasainiwa Nairobi. Halafu? Wapiganaji waliokimbilia Uganda na Rwanda, wengi wao walikaa kambini miaka na miaka, mpango wa kuwarudisha uraiani ukasuasua, na mwishoni mwa 2021 bunduki zikalia upya. Katikati ya hapo, Desemba 2017, askari wetu 15 waliuawa Semuliki, shambulio lililohusishwa na kundi jingine, ADF. Damu ile ilinunua muda. Waliokuwa na kazi ya kuutumia waliuchezea, na Januari 2025 Goma ikatekwa.

Mwaka huo huo zikaja saini za Washington, kisha Doha, kisha Washington tena Desemba 4. Siku chache baadaye M23 wakaingia Uvira, pale pale Ziwa Tanganyika.

Sasa sisi waandishi tunapiga picha za kalamu na tai, tunakwenda kulala. Nani atapokea bunduki, na kwa ratiba gani? Mpiganaji aliyeingizwa jeshini atalipwa na nani mwezi wa tatu? Kule Nyarugusu, Kigoma, Wakongo walianza kupokelewa mwaka 1996, na wapo watoto waliozaliwa kambini ambao sasa wana watoto wao. Wakirudi kwao, shamba la baba yao linalimwa na nani?

Mhariri akikutuma kwenye utiaji saini unaofuata, anza na hilo la shamba.