Mcheza kwao hutunzwa, ila nani atamtunza msanii huru wa Kitui na Makueni?

IWAPO kuna eneo la Kenya ambalo halijawahi kupungukiwa na ngoma, basi ni Ukambani. Kuanzia wachezaji wa kuruka sarakasi waliowatumbuiza wageni wa heshima katika sherehe za kitaifa, hadi magitaa ya benga yaliyovuma miaka ya sabini na themanini, jamii hii imekuwa ikilisha taifa zima burudani. Hata hivyo, kizazi kipya cha watunzi kinachoinukia Mwingi, Mutomo, Wote na Kibwezi kinakabiliwa na mtihani ambao waliotangulia hawakuujua.

Huyu ni kijana asiye na bendi wala gitaa. Silaha yake ni tarakilishi, programu ya kupangia midundo na spika mbili alizonunua kwa jasho lake. Hutunga muziki wa kielektroniki, mara nyingi usio na maneno hata kidogo, na hana kampuni yoyote ya kurekodi inayomlipia matangazo. Anapouliza afanye nini ili ajulikane, jibu analopewa na kila mtu ni moja: uweke muziki wako kwenye mtandao, dunia itakusikia.

Ushauri huo una ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mtandao umefungua mlango ambao zamani ulilindwa na wachache. Spotify iliingia Kenya Februari 2021, na kabla yake wasikilizaji walikuwa tayari wamezoea YouTube, Boomplay na Mdundo. Leo msanii wa Kyuso anaweza kuusambaza wimbo wake kote duniani bila kuondoka nyumbani. Tatizo ni kwamba kuwa ndani ya nyumba si sawa na kuketishwa mezani.

Tangu 2024, Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika kipindi cha miezi 12. YouTube nayo humtaka mwenye chaneli awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka mmoja, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90, kabla ya kumgawia mapato ya matangazo ya biashara. Kwa msanii anayejulikana, viwango hivyo ni vya kupita tu. Kwa anayeanza akiwa peke yake, ni mlima. Ni wazi basi kwamba anahitaji watu elfu moja wanaomjua na kumpenda kabla ya kuwazia mamilioni asiowajua.

Watu hao wako wapi? Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,136,187 katika Kaunti ya Kitui na 987,653 katika Kaunti ya Makueni. Hao ni zaidi ya watu milioni mbili, mbali na Wakamba wanaoishi Machakos, Nairobi, Mombasa na kwingineko. Kwa jumla, sensa hiyo iliwaweka Wakamba kuwa zaidi ya milioni nne na nusu. Soko la kwanza la msanii huyu limo katika lugha na masikio ya watu wake.

Historia ya muziki wa eneo hili inathibitisha hoja hiyo. Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers, pamoja na Peter Mwambi na Kyanganga Boys, walipata umaarufu wao kwa kujenga msingi imara miongoni mwa wasikilizaji wao wa karibu. Kilonzo, aliyefariki 1987, alitia pia nyimbo za Kiswahili katika mkoba wake na hivyo kuvuka mipaka ya kabila, ila mdundo ulibaki ule ule wa nyumbani. Miongo kadhaa baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2010, Ken wa Maria alitamba nchini kote kwa kibao chake cha Fundamentals akiwa bado ni mwanamuziki wa benga ya Kikamba.

Huenda wengine wakasema kwamba benga ni benga, na kwamba muziki wa kielektroniki ni mgeni asiyeweza kupokewa vijijini. Mifano ya majirani inapinga dhana hiyo. Kaskazini mwa Uganda, mjini Gulu, mwimbaji Otim Alpha na mtayarishaji Leo PaLayeng waliichukua larakaraka, ngoma ya uchumba ya Waacholi, wakaisuka upya kwa tarakilishi na kuipiga katika harusi. Rekodi hizo zilikuwa zimechezwa kwa miaka mingi kabla ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kuzikusanya mwaka wa 2017 katika albamu ya Gulu City Anthems, iliyowafikia wasikilizaji wa Ulaya.

Hali ilikuwa hiyo hiyo jijini Dar es Salaam. Singeli, muziki wa kasi unaotengenezwa kwa programu za tarakilishi, ulizaliwa katika sherehe za mitaani kwenye vitongoji vya watu wa kipato cha chini. Madijei waliusambaza mkono kwa mkono, redio ya EFM ikaupa nafasi hewani, na mnamo 2017 mkusanyiko wa Sounds of Sisso ukaupeleka ng'ambo. Katika visa vyote viwili, wageni walikuta sherehe imeshapamba moto. Hawakuiwasha wao.

Kenya pia ina wasanii wa fani hii waliovuka mipaka. KMRU, aliyekulia Nairobi, alipata sifa za kimataifa kwa albamu yake ya Peel ya 2020, naye Slikback akajulikana kupitia rekodi zake za 2018 zilizotolewa na Hakuna Kulala, lebo dada ya Nyege Nyege Tapes. Mafanikio yao yanastahili pongezi. Lakini njia yao ilipitia jiji kuu, penye kumbi, mafunzo na wageni wanaosaka vipaji. Kijana wa Mtito Andei hana mazingira hayo, na kumwambia afuate nyayo hizo bila kumwonyesha daraja ni kumtwika mzigo bila kata.

Daraja lililo karibu naye zaidi ni redio. Tangu Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka wa 2000, stesheni za lugha za mama zimekuwa na ushawishi mkubwa mashambani. Ukambani, stesheni kama Musyi FM na Mbaitu FM husikika dukani, jikoni na ndani ya matatu. Stesheni hizo zimejijengea jina kwa benga na nyimbo za injili, muziki wenye maneno ambayo mtangazaji anaweza kuyazungumzia na msikilizaji kuyakariri. Midundo mitupu haina nafasi ya wazi katika ratiba ya namna hiyo.

Hapo msanii hana budi kukutana na msikilizaji katikati ya njia. Sauti ya mtambaji wa Kikamba, kibwagizo kifupi cha kuitikiana au hata jina la kijiji likitajwa juu ya mdundo, humpa mtangazaji jambo la kusema na mwenyeji sababu ya kusikiliza. Stesheni nazo zingepoteza nini zikitenga saa moja tu kwa wiki, usiku wa Jumamosi, kwa watunzi wa aina hii? Benga yenyewe ilikuwa ngeni kabla ya kuwa mali ya nyumbani.

Kando na redio kuna matatu za kwenda Nairobi, kumbi za burudani, harusi na siku za soko. Huko muziki husafiri kwa flashi na kwa simu, tena kwa kasi kuliko tangazo lolote la kulipia. Hasara yake ni kwamba jina la mtunzi hupotea njiani. Abiria huufurahia wimbo bila kujua ni wa nani. Ndiyo maana watayarishaji wenye uzoefu hutia jina lao katika sekunde za mwanzo za wimbo. Ni hatua ndogo isiyogharimu chochote, lakini humgeuza msikilizaji wa bahati kuwa mfuasi anayeweza kumtafuta msanii mtandaoni.

Hata hivyo, umaarufu usioandamana na stakabadhi ni moshi. Sheria ya Hakimiliki ilifanyiwa marekebisho mwaka wa 2022 na kuweka bayana mgao wa mapato ya milio ya simu: msanii au mwenye hakimiliki apewe angalau asilimia 52, kampuni ya mawasiliano asilimia 39.5 na mtoaji wa huduma wa kati asilimia 8.5. Maneno ya kuzingatiwa hapo ni "au mwenye hakimiliki". Kijana aliyetia sahihi karatasi asiyoielewa, akamwachia mtu mwingine haki zote kwa malipo ya siku moja, hatafaidika na asilimia hizo hata wimbo wake uitikie katika kila simu ya Ukambani.

Mrabaha wa kuchezwa redioni na hadharani nao una misukosuko yake. Mnamo 2017, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ilikataa kuipa leseni Chama cha Hakimiliki za Muziki (MCSK), ikakipa chama kipya cha MPAKE, na mvutano ukaingia mahakamani. Vita hivyo vya mafahali huwaumiza zaidi wasanii wadogo. Kinga waliyo nayo ni kumbukumbu zao wenyewe: kusajili kazi na KECOBO, kuhifadhi faili za awali zenye tarehe, na kuhakikisha kila rekodi ina nambari yake ya utambulisho kabla ya kutolewa.

Haki hiyo ina upande wa pili. Watunzi wengi wa kielektroniki huvutiwa na ngoma za kale, na Ukambani kuna kilumi, ngoma ya matambiko inayochezwa hasa na wanawake watu wazima. Kurekodi ngoma hiyo kwa simu, kuikatakata na kuiuza chini ya jina la mtu mmoja ni kufanya kile kile ambacho msanii huyo analalamika kutendewa. Sheria ya Kulinda Maarifa Asilia na Sanaa za Kijadi ya 2016 inataka jamii husika itoe idhini yake kwanza, na inazipa kaunti jukumu la kusajili urithi huo. Wazee hao wakitajwa na kulipwa, nao watakuwa watangazaji wa kwanza wa kazi hiyo.

Jukumu la kaunti haliishii hapo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Makueni iliona jinsi madalali walivyokuwa wakiwapunja wakulima wa maembe, ikajenga kiwanda cha kusindika matunda Kalamba. Kitui, katika kipindi cha Gavana Charity Ngilu (2017-2022), ilianzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC huko Syongila. Fikra iliyoongoza miradi hiyo ni kwamba mali ghafi isiuzwe kwa bei ya kutupa ilhali thamani yake inaweza kuongezwa nyumbani.

Mdundo uliotungwa chumbani Wote au Mwingi ni mali ghafi pia. Chumba kimoja cha kurekodia katika taasisi ya mafunzo ya ufundi, jukwaa la wazi mara moja kwa mwezi na mwanasheria wa kuwasomea vijana mikataba ni gharama ndogo mno zikilinganishwa na kiwanda. Makueni ilisifika chini ya Profesa Kivutha Kibwana kwa kuwashirikisha wananchi katika kupanga bajeti. Wasanii wasipohudhuria vikao vya aina hiyo na kudai fungu lao, fedha zitaendelea kwenda kwa wale wanaohudhuria.

La sivyo, mlipaji wa pekee wa uhakika atabaki kuwa mwanasiasa wakati wa kampeni, ambaye hununua sifa na kuondoka baada ya kura kuhesabiwa. Msanii anayemtegemea mlipaji huyo hawezi kuitwa huru, hata akiwa hana kampuni inayommiliki.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wa Kitui na Makueni wameshaanza kucheza. Kilichobaki ni kwa redio, kaunti na wasikilizaji wenyewe kuamua iwapo watawatunza sasa, au watangoja hadi wageni wawarejeshee muziki wao kwa bei ya juu.