UMRI WA MAWE

Akaaye Kasenga huuona mto Luapula ukijaa na kupungua kila mwaka. Maji yakiisha kurudi, huacha tope kando ya mto. Mwaka ujao tope jingine hulala juu ya lile la kwanza. Matabaka yakizidi, yale ya chini hugandamizwa na uzito, na baada ya miaka mingi sana hugeuka jiwe. Kwa hiyo tabaka la chini ni la kale kuliko la juu, isipokuwa pale ardhi ilipopinduka.

Lakini tukilikuta jiwe hapa na jingine nchi ya mbali, tutajuaje kama ni la rika moja? Mashahidi wapo ndani yake, nao ni wadogo hata hawaonekani bila darubini. Ni viumbe vilivyoishi majini, vikafa, vikazama topeni. Kila aina iliishi muda wake, kisha ikatoweka, isirudi tena. Basi mawe yenye aina moja ni ya zamani moja. Aina iliyodumu mno haitusaidii. Itufaayo ni ile iliyoenea mbali ikadumu kitambo tu.

Wengine hudhani mawe ya kale sana ya Kongo ni matupu, kwa kuwa hayana mifupa wala makombe. Sivyo. Mwaka 2016 wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, walieleza habari za mawe ya Mbuji-Mayi, yaliyotolewa chini kwa kutoboa ardhi. Mawe ya namna hii huyeyushwa kwa asidi kali. Jiwe huisha, viumbe hubaki. Walitambua aina 49. Mojawapo ni Trachyhystrichosphaera aimika, kifuko cha mviringo chenye vijiti vidogo, ambacho kimeonekana hata Siberia. Kinashuhudia kwamba mawe hayo yana umri wa karibu miaka milioni 1,000.

Hata hivyo, viumbe hutaja rika tu. Hesabu ya miaka hutoka katika madini kama urani, ambayo hugeuka risasi polepole kwa kipimo kinachojulikana. Shahidi mmoja humthibitisha mwenzake.

Nanyi wanafunzi, mkiokota jiwe, andikeni mahali na tabaka mlipolitoa. Jiwe lisilojulikana kwao limepoteza nusu ya ushuhuda wake.