Kompyuta ikikutaja kwa polisi, utajitetea kwa nani?

Kila ikisambaa klipu ya polisi wa nchi za nje wakimdaka mtu kwa kamera inayotambua sura, wadau hawakawii: "Hii huku italetwa lini?" Hamu hiyo inaeleweka kabisa. Mtu akishaporwa simu kituo cha daladala mara mbili, akachukua RB na asisikie tena chochote, mashine isiyosinzia wala kuomba hela ya soda inaonekana mkombozi. Ila walioanza nayo mapema wamepata somo, na ni somo la gharama.

Chicago, Marekani, polisi walikuwa na programu inayowapa watu maksi, 0 hadi 500, kulingana na uwezekano wa mtu kupiga risasi au kupigwa. Mwaka 2013 kijana mmoja wa huko, miaka 22, alibishiwa hodi na polisi. Rekodi yake ilikuwa ya mambo madogomadogo, kamari na bangi, hakuna ugomvi wa silaha. Akaambiwa yumo kwenye orodha, kwa hiyo macho yote kwake. Sasa mtaani, mtu anayetembelewa na polisi halafu hakamatwi anaonekanaje? Anaonekana ni mtu wao, anachoma wenzake. Kwa maelezo yake mwenyewe, tetesi hizo ndizo zilizomponza, akaja kupigwa risasi, tena sio mara moja, mara mbili. Yaani programu iliyotengenezwa kuzuia risasi ndiyo iliyomletea.

Orodha hiyo ilikuja kuwa na maksi za watu karibu 400,000. Watafiti wa RAND walipopima toleo lake la kwanza, ripoti yao ya 2016 ilionesha kwamba kuwemo kwenye orodha hakukupunguza hatari ya mtu kuuawa au kupigwa risasi. Kilichobadilika ni kwamba waliomo walikamatwa zaidi. Mwaka 2019 mpango mzima ukafungwa.

Tatizo liko wapi? Takwimu za polisi hazioneshi wahalifu wako wapi. Zinaonesha polisi walikuwa wapi. Difenda ikizunguka Manzese kila usiku na kupita Masaki mara moja kwa mwezi, wavuta bangi wengi watakamatwa wapi? Jibu lishajulikana. Hizo rekodi zikiingizwa kwenye kompyuta, itasema Manzese ndiko kwenye bangi, difenda zitaongezwa kulekule, na watakamatwa wengine. Mwisho wa mwaka kompyuta itajisifu kwamba ilitabiri vizuri. Watafiti wawili walilijaribu jambo hili kwa rekodi za dawa za kulevya za Oakland, California, wakachapisha matokeo 2016. Programu iliwaelekeza polisi kwenye mitaa ya watu weusi na ya kipato cha chini, wakati makadirio ya tafiti za afya yalionesha watumiaji wametapakaa mji mzima.

Kamera za sura nazo zina mambo yake. Detroit, Januari 2020, baba mmoja wa watoto wawili alifungwa pingu nje ya nyumba yake, mkewe na binti zake wakiangalia. Kisa, saa zilizoibwa dukani 2018. Kamera ya duka ilinasa picha isiyoeleweka vizuri, kompyuta ikailinganisha na leseni yake ya zamani ya udereva, basi akawa mwizi. Alilala mahabusu, karibu saa 30, kwa kosa la mtu mwingine. Mwaka 2024 jiji lilikubali kumlipa dola 300,000, na polisi wake hawaruhusiwi tena kumkamata mtu kwa sababu tu kompyuta imesema sura zinafanana.

Wanaoshangilia kutoka huku wasikie na hii: taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za kutambua sura mwaka 2019. Makosa ya kumfananisha mtu na asiye yeye yalikuwa juu zaidi kwa sura za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Afrika Mashariki, sio mbali.

Sio kwamba takwimu ni mbaya. Utafiti wa Minneapolis uliotoka 1989 ulikuta kama asilimia 3 tu ya anwani za jiji ndizo zilizozalisha nusu ya miito yote ya polisi. Huo ni ujuzi wa maana. Unasema taa ziwekwe wapi, doria ipite kona gani na saa ngapi. Ila angalia tofauti: ile ni hesabu ya mahali, tena inatokana na wananchi wenyewe kupiga simu kuomba msaada. Kumpa kijana maksi za uhalifu kabla hajafanya kitu ni habari nyingine kabisa.

Nairobi na Mombasa zina kamera za polisi miaka mingi sasa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake 2022. Kwa hiyo swali la "italetwa lini" limeshachelewa. Maswali yaliyobaki ni haya: nani anazipima hizo programu kabla hazijaanza kutumika? Aliyetajwa kimakosa anakata rufaa wapi? Na picha yake inafutwa lini?

Kibaka akamatwe, hakuna anayebisha. Lakini mtu akisingiziwa na jirani, kesi ikifika anaweza kumuuliza jirani yake maswali hadi uongo ujulikane. Akisingiziwa na mashine ambayo hata askari aliyeitumia hajui imefikaje hapo, anamuuliza nani?