Ada ya televisheni kwa kila nyumba: mita ya umeme haijui nani ana runinga

Nchini kwetu hakuna leseni ya televisheni. Anayenunua runinga Misungwi mjini, au Darajani kule Unguja, hulipa bei ya dukani, huibeba mpaka nyumbani, na mwaka ukipinduka hakuna anayemgongea mlango kumdai ada ya kuwa nayo. Wazee wachache wanaikumbuka leseni ya redio ya zama za Mwingereza, na wengi zaidi wanaikumbuka kodi ya baiskeli. Vijana wa leo neno lenyewe hawalijui.

Hata hivyo mlango huu umeshasukumwa. Juni 2022, Waziri wa Fedha Dkt. Mwigulu Nchemba alipowasilisha bajeti ya mwaka 2022/23 bungeni Dodoma, miongoni mwa mapendekezo yake ilikuwamo tozo ya kati ya shilingi 1,000 na 3,000 kwenye ving'amuzi, kiwango kikitegemea matumizi. Lilikuja wakati watu bado wana kidonda. Mwaka mmoja nyuma, Julai 2021, ilikuwa imeanza tozo ya miamala ya simu, ikapigiwa kelele nchi nzima hadi ikapunguzwa kwa asilimia 30 kabla miezi mitatu haijatimia. Aliyekuwa akimtumia mama yake pesa ya dawa kutoka Mwanza kwenda Ukerewe alijua maana ya neno tozo kuliko mtaalamu yeyote wa uchumi.

Tusichanganye mambo mawili. Tozo ya king'amuzi humfuata anayelipia kifurushi: hukulipia mwezi huu, hutozwi. Ada ya leseni, kama ilivyo Afrika Kusini, humfuata mwenye chombo, au nyumba yake, awe ametazama au hakutazama. Ya kwanza ni kodi juu ya manunuzi. Ya pili ni kodi juu ya sebule. Lakini kutoka moja kwenda nyingine si safari ndefu, na sisi huku bara tumekwishaona njia yake inavyoweza kupitia kwenye mita ya umeme.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na jengo la ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango vikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kwa mkusanyaji ni raha tupu: hakuna karani wa kutembea mitaa, hakuna mdaiwa wa kukimbia, kwa sababu umeme kila mtu anauhitaji. Tatizo ni kwamba mita haina macho. Mpangaji wa chumba kimoja pale Usagara ananunua umeme wa kuchajia simu na kuwasha taa mbili, kumbe analipa kodi ya nyumba isiyokuwa yake. Kwa utaratibu anatakiwa ayamalize na mwenye nyumba. Nani kati yetu hajui mazungumzo hayo huishia wapi? Nyumba zenye mita zaidi ya moja zilikatwa mara mbili, na wenyewe wakalazimika kwenda kuomba mita za ziada ziondolewe kwenye kodi.

Sasa weka ada ya televisheni juu ya mita hiyo hiyo. Mita inajua uniti zimekwenda ngapi. Haijui kama zimekwenda kwenye runinga, pasi, au pampu ya maji. Mjane aliyeunganishiwa umeme wa REA juzi, ambaye chombo chake cha khabari ni redio ya betri, atalipa sawa na mwenye nyumba yenye runinga tatu. Na chuo cha Qur'ani chenye mita yake, je? Na msikiti?

Huo si mzaha. Pakistan ilikusanya ada ya shirika lake la PTV kupitia bili za umeme kwa miaka mingi, rupia 35 kwa mwezi, na moja ya malalamiko yaliyofika mpaka kwa wabunge ni kwamba bili za misikiti nazo zilikuwa na ada ya televisheni ndani yake. Mauritius, kisiwa kama ninyi, nayo imekuwa ikitumia bili ya umeme kukusanyia ada ya MBC. Njia hiyo inaleta pesa, hilo hatulikatai. Lakini inaleta pesa kwa sababu haiulizi swali.

Mahali ambako wanauliza swali, mambo ni mengine. Uingereza ada ilipandishwa kuwa pauni 174.50 kwa mwaka Aprili 2025, na asiyelipa ilhali anatazama hufikishwa mahakamani. Zaidi ya thuluthi mbili ya wanaotiwa hatiani kwa kosa hilo ni wanawake. Sababu kubwa haihitaji utafiti wa mbali: mkaguzi anapogonga mlango mchana, anayefungua ni mama aliyebaki nyumbani na watoto, na jina linaloandikwa ni la aliyefungua. Hebu itieni picha hiyo katika shehia zenu, mume yuko baharini au yuko Muscat kikazi, na mkaguzi mwanamume asiye maharimu amesimama mlangoni anataka kuingia kuangalia sebule. Tunajadili shilingi, lakini sitara ya nyumba nayo ina thamani yake.

Afrika Kusini ada ni randi 265 kwa mwaka, si nyingi kwa kipato cha kule, na bado zaidi ya wanane katika kila kumi wanaotakiwa kulipa hawalipi. Ghana waliifufua ada yao 2015. Januari 2018 ilipotangazwa kwamba zitatengwa mahakama maalumu za kuwashughulikia wasiolipa, wananchi walikuja juu na jambo likarudishwa nyuma.

Wanaotaka ada hii nao wana hoja, na si ya kubezwa. Chombo cha umma kina kazi ambayo mfanyabiashara hataifanya kwa hiari kila siku. Tangazo la upepo mkali ziwani halina mdhamini. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara, na kabla yake MV Bukoba mwaka 1996, familia zilizunguka redio na runinga zikisubiri majina. Visiwani hamhitaji kukumbushwa Spice Islander ya 2011 wala Skagit ya 2012. Siku kama hizo mtu anataka chombo ambacho hakisubiri tangazo la sabuni liishe. Mwanza tuna Star TV, ya binafsi, na imefanya mengi kwa kanda hii, lakini inaishi kwa matangazo na biashara ikiyumba nayo inayumba.

Ninyi pia mna historia ya kujivunia. Televisheni Zanzibar ilianza 1974, ya rangi, wakati bara kulikuwa hakuna kituo hata kimoja mpaka 1994, na cha serikali hakikuja hadi 2000. Miaka yote hiyo ishirini Mzanzibari alitazama bila ya kuulizwa leseni na sheha. Iligharimiwa na serikali kutoka mfuko mkuu, yaani kodi za karafuu na bandari na kila kitu kingine. TVZ na Sauti ya Tanzania Zanzibar ndizo zilizokuja kuunganishwa kuwa ZBC. Kwa hiyo anayesema chombo cha umma hakiwezi kuwapo bila ada ya kaya, jibu analo hapo hapo Karume House.

Na kuna ambalo wapangaji wa ada wanalisahau: tumeshalipa mara moja. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam mwisho wa 2012 na Mwanza mwanzoni mwa 2013, kila kaya ililazimika kununua king'amuzi au kubaki na sanduku la kioo. Ahadi ilikuwa kwamba chaneli za nyumbani zitaonekana bure hata kifurushi kikiisha. Agosti 2018 TCRA ikazitaka Azam, DStv na Zuku ziondoe chaneli za bure kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba, na nyumba zilizokuwa na dishi kwa sababu mnara wa ving'amuzi vya antena hauwafikii zikakosa khabari za nchi yao wenyewe. Kanuni zilirekebishwa baadaye. Lakini mwenye dishi kijijini alijifunza kwamba neno "bure" lina masharti asiyoyaandika yeye.

Upande wa sharia, masuala ya undani tunawaachia masheikh. Ila msingi wake unajulikana. Mali ya Muislamu haichukuliwi ila kwa haki, na aya ya 29 ya Suratun-Nisaa imekataza kuliana mali kwa batili. Wanazuoni waliojuzisha mtawala kutoza zaidi ya zaka, miongoni mwao Imam al-Ghazali na Imam ash-Shatibi, walifunga ruhusa hiyo kwa masharti: haja iwe ya kweli, hazina iwe haitoshi, mzigo uwafikie wenye uwezo, na matumizi yaende kwenye haja iliyotajwa. Tukio mashuhuri ni la Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, Misri, kabla ya vita vya Ain Jalut mwaka 658 Hijria (1260). Mamongoli wako njiani na mtawala anataka kuwatoza raia. Sheikh alikubali, kwa sharti kwamba maamiri watoe kwanza dhahabu na mapambo yao. Ikiwa kwa adui aliyefika mlangoni sharti lilikuwa hilo, mwenye kutaka ada ya tamthilia na muziki ana kazi ya kueleza.

Maana hapo ndipo penye ugumu wa familia zetu hasa. Wapo walioamua kutoweka runinga ndani kwa ajili ya malezi, na wapo wenye nayo wanaoichunga kwa funguo. Ukimtoza wa kwanza, umemlipisha kitu alichokikataa kwa dini yake. Ukimtoza wa pili, ana haki ya kuuliza ni saa ngapi kwa wiki chombo hicho kinamhudumia yeye, na ni saa ngapi anakizima watoto wakiingia. Kwa upande mwingine, nyumba isiyo na runinga haina maana watoto hawatazami. Vibandaumiza vya Misungwi vimejaa watoto wa nyumba kama hizo siku ya mpira. Hilo ada haitalitibu.

Wanaouliza kama inafaa kuficha runinga au kudanganya idadi ikiwa sheria itapita, waelewe kwamba uongo haugeuki halali kwa sababu kodi ni nzito. Mlango ulio wazi ni wa kupinga kabla haijapita, na una tarehe: Bunge hujadili bajeti hadi mwisho wa Juni, na kamati hupokea maoni ya wananchi kabla ya Muswada wa Fedha kupigiwa kura. Ya miamala ilipunguzwa kwa kelele za watu wa kawaida, si kwa huruma ya kompyuta.

Kwa Wazanzibari lipo na swali la ziada. Posta na simu ni mambo ya Muungano. Utangazaji siyo, na ndiyo maana mna Tume yenu ya Utangazaji. Mtu wa Wete anayelipia king'amuzi cha kampuni ya bara kwa simu yake, akikatwa shilingi 1,000 au 3,000, fedha hiyo inaingia hazina ya nani, na inarudi ZBC au inaishia Dar es Salaam? Wawakilishi wenu waliulize hilo mapema, kwa maandishi, kabla halijakuja kuulizwa na mhasibu.