Meno ya Mbele

Wenzangu, mimi nami naliyang'oa magurudumu mawili ya meno ya mbele katika baiskeli yangu ya milimani, nikabakiza la meno 32. Sifa zake ni za kweli: uzito hupungua, na tope la masika halipati pa kujificha. Lakini nyuma nalikuwa na meno 34 tu! Zamani, kwa 22 mbele, pedali ikizunguka mara moja tairi halikufika theluthi mbili za mzunguko. Sasa ni karibu mzunguko mzima. Katika vilima vya kutoka hapa Gisenyi kwenda Kinunu, nikawa mchukuzi wa baiskeli. Basi nashauri: tafuteni kwanza gurudumu la nyuma la meno 50, na cheni ndefu yake. Ulizeni bei kabla fundi hajashika spana. Asiyeweza kulipa abaki na matatu yake, wala asione haya.