Mdudu Naye Ana Njia ya Kutoa Sumu

Ndugu mkulima wa skimu, umepata kumpulizia nzi dawa ya pareto? Huanguka upesi, miguu juu. Lakini dawa ikiwa hafifu, baada ya muda huinuka akaruka tena. Hapo watu husema dawa ni mbovu. Huenda ni nzi mwenyewe aliyeivunja.

Mwilini mwa mdudu mna vimeng'enya vinavyofanya kazi kama ile ya ini letu. Huishika sumu na kuigeuza iwe kitu kinachoyeyuka katika maji. Kisha mirija myembamba iliyoungana na utumbo, ambayo ndiyo figo zake, huitoa takataka hiyo pamoja na mavi. Ndiyo sababu watengenezaji wa dawa huchanganya pareto na piperonili butoksidi, ambayo huvizuia vimeng'enya hivyo, sumu ikapata nafasi ya kuua.

Sasa tazama kabichi zako. Mwaka 1953 ilitolewa habari kutoka Java, Indonesia, kwamba viwavi wadogo wa kabichi hawafi tena kwa DDT. Tangu hapo wameshinda dawa nyingine nyingi, na silaha yao mojawapo ni hiyo ya kuvunja sumu. Hawakufundishwa na mtu. Katika shamba lo lote wamo wachache wenye vimeng'enya vikali kuliko wenzao. Ukipulizia dawa ile ile kila juma, wanyonge hufa, na hao wachache hubaki wakazaa walio kama wao.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kudhani kwamba dawa ikishindwa yafaa kuiongeza. Kuongeza kipimo ni kutupa fedha na kumdhuru mlaji. Kupunguza nako ni kuwalea viwavi wenye nguvu. Fuata kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Badili dawa pia, lakini soma jina la sumu iliyomo, kwa maana chupa mbili zenye majina mbalimbali huweza kuwa na sumu moja. Na ukiisha kuvuna, ng'oa mashina ya kabichi.

Nondo hajui mpaka wa ploti. Ukibadili peke yako, jirani asibadili, faida yako itakuwa ndogo. Basi shaurianeni katika chama chenu cha ushirika pamoja na afisa wa kilimo, mpange dawa kwa zamu. Nguvu ya dawa ni mali yenu nyote, na ikiisha haitarudi upesi.